Fundi Kesho na Cherehani Iliyofichwa

Kila asubuhi Fundi alifungua karakana yake kwa kuupiga mlango teke upande wa chini. Bawaba ilikuwa imelegea tangu zamani. Ndani kulinukia gundi na mbao mbichi. Katikati ilikaa cherehani yake kubwa ya kushonea vitambaa vizito, imefungwa mota na kuwekwa juu ya meza ya chuma. Ukutani zilining'inia nyundo, mikasi na mikanda ya mpira inayotandikwa chini ya kochi. Nje zilipangwa fremu za makochi, bado tupu, hazijui sponji wala kitambaa.

Alikuwa fundi hodari. Hilo hata adui yake asingelikataa. Kochi lake ungelikalia wewe, mwanao na mjukuu wako, na lisingetoa mlio. Lakini mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Ukimuuliza makochi yako yako wapi, jibu lilikuwa moja tu.

"Kesho, mama. Njoo kesho."

Usimcheke haraka. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mwizi. Kosa lake mafundi wengi wanalijua vizuri, na baadhi yao wanasoma hapa wakiangalia pembeni. Mteja akiagiza makochi, alitoa advansi. Advansi hiyo ilitakiwa inunue sponji na kitambaa cha mteja yuleyule. Fundi hakufanya hivyo. Pesa za mwalimu zilinunua sponji ya muuguzi. Pesa za muuguzi zilikuwa zimenunua kitambaa cha dereva. Na pesa za dereva zilikuwa zimelipa kodi ya karakana zamani sana.

Wateja wapya walipokuwa wengi, mambo yalikwenda. Kisha makochi ya kiwandani yakajaa madukani kwa bei ya chini, na wateja wakapungua. Advansi mpya hazikuja. Kazi za zamani zikabaki.

Fundi akaanza kukopa. Alikopa sponji kwa mwenye duka aliyeitwa Mzee Sponji. Alikopa pesa kwenye kampuni ya mikopo. Huko aliweka pikipiki yake dhamana, na shemeji yake akasaini kuwa mdhamini. Alipochelewa kulipa kampuni, akakopa kwenye simu. Aliposhindwa kulipa simu, akakopa kwenye simu tena, kwa kampuni nyingine. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Fundi alikuwa akilipa matanga ya watu watano kwa mpigo.

Simu yake ililia kutwa. Akaizoesha kukaa chini ya rundo la sponji, isisikike.

Mkewe hakujua lolote. Mtaani aliitwa Mama Pacha, kwa sababu ya mabinti zao wawili waliozaliwa siku moja. Alikuwa akifua mashuka ya hoteli na kurudi jioni na vidole vilivyokunjamana kwa maji. Alimwona mumewe akitoka mapema na kurudi kwa kuchelewa. Akadhani kazi zimechangamka.

Jumamosi moja asubuhi mtu akabisha hodi. Alikuwa Mama Mkunga. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, na nusu ya watoto wa mtaa ule yeye ndiye aliyewapokea, hata wale pacha. Mkononi alishika kigoda.

"Karibu, Mama Mkunga," Mama Pacha alisema. "Pita ndani."

"Sipiti, mwanangu. Nitakaa hapahapa mlangoni. Nimekuja na kigoda changu, maana kwa fundi makochi huna hakika ya kupata kiti."

Mama Pacha akacheka. Mama Mkunga hakucheka. Akakiweka kigoda chini, akakaa, akalitandaza gauni lake magotini.

"Mumeo ana pesa zangu za seti nzima ya makochi. Pesa ya kiinua mgongo. Nimeambiwa kesho mpaka nikaanza kuichukia siku yenyewe. Leo siondoki."

Fundi alikuwa chumbani. Alisikia sauti ile, akanyata kuelekea mlango wa nyuma. Mmoja wa wale pacha akamwona.

"Baba, mbona umevaa kandambili moja?"

Akashikwa. Akaja mlangoni kichwa chini, mguu mmoja mtupu.

"Shikamoo, Mama Mkunga."

"Marahaba. Nikueleze kitu, fundi. Nilikwenda ofisi ya msaada wa kisheria kuuliza nitakushtaki vipi. Wakili akaniuliza, huyo fundi anadaiwa na wewe peke yako? Nikamwambia, huyo ana deni kila mlango wenye bawaba. Akaniambia, basi mlete hapa upesi, kabla hajafanya kosa kubwa zaidi. Mimi nilikwenda kukushtaki, nikarudishwa kukualika."

"Nitakwenda," Fundi alisema. "Kesho."

Mama Mkunga alipoona Mama Pacha amesikia yote, akainuka na kigoda chake. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Hilo nimewaambia wanawake wengi kuliko nywele ulizobaki nazo."

Jioni ile, pacha walipokwenda kucheza kwa jirani, Mama Pacha akamkalisha mumewe kwenye benchi. Akamuuliza deni moja baada ya jingine. Fundi alitaja manne, akanyamaza. Mkewe akangoja. Akataja mengine mawili. Mkewe akangoja tena. Ikawa hivyo mpaka chai ikapoa. Walipojumlisha, deni lilikuwa kubwa kuliko kipato cha Fundi cha miaka mitatu, hata kama wasingekula wala kuvaa.

Mama Pacha hakupiga kelele. Aliumia, na aliumia zaidi kwa kufichwa kuliko kwa pesa.

"Mimi nalala na wewe chumba kimoja," alisema. "Nimejua habari zako kutoka kwa mtu aliyekuja na kigoda."

"Nilitaka kumaliza kwanza, ndipo nikwambie."

"Umemaliza?"



Siku chache baadaye karani wa kampuni ya mikopo alifika karakana. Akamwambia Fundi wazi: kampuni inakwenda mahakamani, na baadaye dalali wa mahakama atakuja kuchukua mali. Alipokuwa akisema hivyo, macho yake yalikuwa kwenye cherehani.

Fundi akaingiwa na hofu kuu. Fremu mtu hutengeneza nyingine. Nyundo huazimwa. Lakini bila cherehani ile, hakuna kochi, na bila kochi hakuna chakula cha pacha. Akampigia simu shemeji yake, kaka mkubwa wa Mama Pacha, ambaye alikuwa mchomeleaji wa mageti na alikuwa na banda lenye kufuli. Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha na watu wote walikuwa ndani. Wakaifunika cherehani kwa nailoni, wakaipandisha kwenye mkokoteni, wakaisukuma hadi bandani. Hakuna aliyewaona.

Mvua ilipokatika, Mama Pacha alipita karakana akitoka kazini. Katikati ya sakafu yenye vumbi aliona alama nne safi, pale miguu ya meza ilipokaa miaka yote.

"Cherehani iko wapi?"

"Iko salama. Kwa kaka yako." Fundi alikuwa akikunja shati na kulitia kwenye mfuko. "Mimi naondoka kwa muda. Nitatafuta kazi mji mwingine, mambo yapoe. Wakija, waambie hujui nilipo."

Mama Pacha akautazama ule mfuko. Akauchukua, akaukalia.

"Ukiondoka, mlango watakaougonga ni wa nani? Simu watampigia nani? Wanao wataambiwa nini shuleni?" Sauti ikamtetemeka. "Sikuolewa ili nibaki na madeni na mume aliyepotea. Kama ni aibu, tuwe nayo wote wawili. Tunakwenda kwa yule wakili. Si kesho."

Fundi akalia. Alilia kama mtu aliyetua gunia, bila kujificha, na mkewe akamwacha alie.

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi. Wakili alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Alikuwa na chupa ya maji ya moto mezani na kiti kinachoyumba. Kila alipoinama kiti kililia, na kila kilipolia Fundi aliutazama mguu wa nyuma wa kiti hicho.

"Kiache kiti changu, fundi, tuzungumze habari zako," Wakili alisema. "Haya. Mnadaiwa na nani na nani? Mtaje wote. Hata ndugu. Hata yule wa mboga."

Safari hii Fundi alitaja yote mfululizo. Wakili akasikiliza, akapiga chafya, akauliza maswali.

"Na umejaribu kulipa vipi?"

"Nimekopa hapa nikalipa pale. Si wanasema dawa ya deni ni kulipa?"

"Wanasema, na ni kweli. Lakini ukilipa mkopo kwa mkopo, hujalipa deni. Umelihamisha nyumba tu, na kila likihama linanenepa. Kwa hiyo jambo la kwanza, kuanzia leo usikope tena popote. Hata kwenye simu. Usichukue advansi ya mtu ukijua huwezi kumaliza kazi yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"La pili, tutawaita wadai wako wote pamoja. Siyo mmoja mmoja kichochoroni. Tutawaambia ukweli: ninapata kiasi hiki, nyumbani tunakula kiasi hiki, kinachobaki ni hiki, tugawane kwa miezi mtakayokubali. Wadai wengi hukubali. Kidogo kinachokuja ni bora kuliko kikubwa kilichokimbia."

"Wakikataa?" Mama Pacha aliuliza.

"Wakikataa, au kama kinachobaki hakitoshi kabisa, iko njia ya mwisho. Mtu anaiomba mahakama imtangaze kuwa muflisi."

Fundi akajikunja kwenye kiti. Neno lile alilijua. Mtaani lilikuwa tusi, mtu aliyetupwa.

"Afadhali jela," alisema.

"Usiseme hivyo. Ngoja nikueleze ni nini, ndipo uchague woga wako." Wakili akajimiminia maji ya moto. "Muflisi ni mtu ambaye mahakama imekubali kwamba madeni yake yamemzidi. Mahakama inamweka msimamizi. Msimamizi anakusanya mali ya muflisi, anaiuza, na kuwagawia wadai kwa haki, kila mmoja sehemu yake. Wadai hawaruhusiwi tena kumkimbiza kila mtu kivyake. Muda ukipita, na kama muflisi amesema kweli na kufuata masharti, mahakama humwachilia. Madeni mengi yaliyobaki yanafutwa. Anaanza tena."

"Kirahisi hivyo?"

"Nani amesema rahisi? Mna kiwanja?"

Mama Pacha akainua uso. Walikuwa nacho kiwanja kidogo, walichokinunua kwa jasho la miaka. Kila akienda kule alipanga mawe kuonyesha jiko litakuwa wapi.

"Kipo," alisema taratibu.

"Kitakwenda, mwanangu. Samahani. Na jina la mume wako litatangazwa. Akitaka kukopa kabla hajaachiliwa, lazima aseme kwamba ni muflisi. Kuna biashara na vyeo hataruhusiwa. Tena si kila deni linafutika. Faini, na matunzo ya watoto, hayo aghalabu hubaki. Aliyeshika dhamana, kama hiyo kampuni na pikipiki yako, atachukua dhamana yake. Na mdhamini haponi. Ukifilisika wewe, wanamgeukia yeye. Nani alikudhamini?"

"Kaka yangu," Mama Pacha alisema.

"Mwambieni mapema. Asije akasikia kutoka kwa dalali." Wakili akapangusa pua. "Sasa vitendea kazi. Mafundi makochi wana cherehani. Yako iko wapi?"

"Niliiuza," Fundi alisema.

Mama Pacha akakohoa. Hakuwa na mafua.

Kiti cha Wakili kikalia.

"Fundi," Wakili alisema bila ukali, "mimi niko upande wako. Lakini mahakamani utaapa. Ukificha mali, hilo si deni tena. Ni kosa la jinai. Wanaweza kukukatalia kukuachilia, na unaweza kushtakiwa, wewe na aliyekufichia. Cherehani iko wapi?"

"Kwa shemeji. Nilijua wataichukua. Ndiyo inayotulisha."

Wakili akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Unajua nchi nyingi sheria inasema nini? Muflisi anaachiwa vitu vya kumwezesha kuishi na kufanya kazi. Nguo, vitanda, vyombo vya kupikia, na vifaa vya kazi yake visivyozidi thamani fulani. Hapa kwetu, cherehani kama hiyo, kuukuu, ya kazi ya mikono yako, nina matumaini makubwa utaachiwa. Sasa tazama ulivyofanya. Umekwenda kukificha kitu kimoja ambacho sheria ingekuachia, na kukificha ndiyo njia ya kukipoteza. Irudishe. Tena irudishe mchana."

Hapa nikwambie, msomaji: sheria za nchi hazifanani. Thamani ya vifaa, muda wa kuachiliwa, masharti, vyote hutofautiana. Usifanye kwa kusikia barabarani. Uliza wanaojua, katika ofisi kama ile.

Walikwenda moja kwa moja bandani kwa shemeji. Cheche zilikuwa zikiruka. Shemeji akazima mashine yake ya kuchomelea, akavua miwani ya kiza, akasikiliza. Waliposema habari ya mdhamini, uso wake ukabadilika.

"Mimi? Nilisaini tu, shemeji. Uliniambia ni utaratibu."

"Nilikwambia hivyo," Fundi alisema. "Nilikosea. Nisamehe."

"Nina watoto wanne. Nina geti la watu hapa sijamaliza." Shemeji akaenda hadi pale cherehani ilipofunikwa, akaiegemea. "Basi hii haitoki. Kama ni mimi nitakayelipa, hii ibaki kwangu. Niiuze, angalau nipunguze."

Fundi alijua shemeji yake ana haki ya kukasirika. Aliona cherehani yake inakwenda, na safari hii si dalali aliyeishika bali ndugu.

Mama Pacha akasogea.

"Kaka, hasira yako ni halali. Mimi mwenyewe ninayo, tena ya kwangu nalala nayo kitanda kimoja. Lakini nisikilize. Ukiiuza hii, utakuwa umeuza mali ya wadai wote, ukajilipa peke yako. Wakili amesema aliyeficha anashikwa pamoja na mwenye mali. Utalipa deni, na kesi juu."

"Kwa hiyo nikae nilie?"

"Hapana. Uje nasi kwa wakili, naye azungumze na kampuni juu yako, ulipe kidogo kidogo. Mimi nitakuletea sehemu ya mshahara wangu kila mwezi. Wangu mimi, si wa huyu. Na akiwa na cherehani atafanya kazi, tutakula kwa kazi yake. Asipokuwa nayo, nitakuletea nini? Tutakuja kula kwako, wote wanne, pamoja na hao watoto wako."

Shemeji akamtazama dada yake. Akamtazama Fundi. Midomo ikamchezacheza.

"Huyu naye anakula sana," alisema.

Akaivua ile nailoni.

Ilikuwa saa za adhuhuri, jua kali, mtaa umejaa watu. Waliisukuma cherehani kwenye mkokoteni, Fundi mbele, shemeji nyuma, Mama Pacha pembeni akishika meza isicheze. Muuza mkaa akasimama kutazama. Vijana wa kinyozi wakatoka mlangoni. Mmoja akauliza kwa sauti, "Fundi Kesho, unahama?"

"Narudi," Fundi alijibu.

Alitokwa na jasho, na si la mkokoteni peke yake. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini alipofika karakana na kuiweka meza palepale kwenye alama zake, alipata nafuu ambayo hakuwa ameijua kwa miezi mingi. Hakuwa na kitu tena cha kuficha.

Wadai waliitwa, wakakutana katika chumba kile juu ya duka la rangi. Wengine walisimama kwa kukosa viti. Fundi alisema yote kwa kinywa chake. Mzee Sponji alikuwa na hasira kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye aliyekopesha kwa imani bila dhamana.

"Umenila, fundi," alisema. "Umekuja dukani kwangu ukinichekea kwa meno, kumbe tayari umeoza. Ningekuwa na uwezo, ungelala ndani."

"Ni kweli, mzee. Nisamehe."

"Msamaha haujazi sponji."

Mama Mkunga, aliyekaa kwenye kigoda chake, akasema neno ambalo wakati ule hakuna aliyelitilia maanani. "Mimi ninachojiuliza, kwa nini hukuniambia ninunue sponji na kitambaa mwenyewe, wewe nikulipe mikono yako tu? Nisingekuwa hapa leo."

Wadai wengi walikuwa tayari kukubaliana. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilikataa kabisa. Na hata bila ya kampuni hiyo, hesabu haikutosha. Kilichobaki kila mwezi kilikuwa kidogo kuliko riba peke yake. Wakili akasema wazi kwamba njia imebaki moja.

Mbele ya mahakama, Fundi aliapa, akasema kila kitu. Alisema hata ile siku ya mvua. Wakili alikuwa amemshauri aseme mwenyewe kabla ya kuulizwa. Hakimu akamuuliza kama cherehani imerudi. Akajibu imerudi, na mtaa mzima ni shahidi. Siku hiyo akatangazwa kuwa muflisi. Lilisomwa jina lake, na mbingu haikuanguka.

Msimamizi alifika nyumbani na karakana. Alikuwa kijana mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Kiwanja kiliandikwa kuuzwa. Televisheni ikachukuliwa. Pikipiki ilikwishaondoka na kampuni. Mama Pacha alipoulizwa habari za kiwanja alijibu vizuri, kisha akaenda uani, akalia kwa ajili ya jiko ambalo halikujengwa. Fundi alimfuata, akakaa karibu naye.

Karakanani, msimamizi akazunguka. Akagusa nyundo, akagusa mikasi, akafika kwenye cherehani. Akaweka mkono juu yake.

"Hii ndiyo unayofanyia kazi?"

"Ndiyo."

"Una nyingine?"

"Sina."

Msimamizi akaichunguza, akaangalia kutu ya mota na mkanda uliofungwa kwa uzi.

"Ikae," alisema, akapita.

Haukuwa mwaka mwepesi. Baadhi ya watu walimcheka Fundi mchana kweupe. Wateja wengine walimpita. Lakini simu iliacha kulia usiku na mchana, na Fundi akaanza kulala. Nyumbani walipanga matumizi wote wawili, mezani, kila wiki, na hakuna pesa iliyotoka ambayo mwenzake hakuijua. Sehemu ya mshahara wa Mama Pacha ilikwenda kwa kaka yake kama alivyoahidi, na kampuni ilikubali kumlipisha shemeji kidogo kidogo.

Karakanani Fundi alianza utaratibu mpya. Ni ule wa Mama Mkunga. Mteja akija, Fundi alipima, akamwambia wazi: "Mimi ni muflisi, kwa hiyo sichukui advansi. Nenda na vipimo hivi dukani, nunua sponji na kitambaa chako mwenyewe. Vilete. Kazi ikiisha, utanilipa ufundi." Mara ya kwanza ulimi ulimkwama kwenye lile neno. Mteja yule akaondoka. Wa pili akaondoka. Wa tatu akafikiri, akasema, "Kwa hiyo pesa yangu haipiti mkononi mwako? Afadhali." Yule wa tatu akamleta dada yake.

Sasa hapakuwa na njia ya kula pesa ya mwalimu kwa kochi la muuguzi. Kochi huisha vifaa vikiwapo, na sasa vifaa vilikuwapo. Watoto wa mtaa wakaanza kulisahau lile jina lake.

Mama Mkunga aligawiwa sehemu ya pesa zake, kama wadai wengine. Akaiongezea, akanunua sponji yake, akaja kuisimamia ikikatwa. Alikaa pale kutwa akitoa maelekezo, kama aliyekuwa wodini.

Muda uliowekwa ulipokwisha, mahakama ilimwachilia Fundi. Madeni yaliyobaki yakafutwa. Wakili alimpa mkono, na Fundi akaomba ruhusa ya kumtengenezea mguu wa kile kiti.

Mzee Sponji hakuwa amesema na Fundi tangu siku ya mkutano. Wakipishana njiani, aliangalia upande mwingine. Hata hivyo, kila mteja Fundi alimwelekeza kwenye duka lake, kwa kuwa ndiye aliyeuza sponji nzuri isiyobonyea. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Asubuhi moja Mzee Sponji akasimama mlangoni mwa karakana. Alibeba kiti kilichochanika.

"Wateja wako wanakuja kwangu," alisema. "Wanalipa taslimu."

"Najua, mzee. Karibu."

"Deni lako mahakama imelifuta."

"Ndiyo."

"Mimi sijalifuta. Nataka ulijue hilo. Moyo wangu una mahakama yake, na kesi bado inasikilizwa."

"Nalijua, mzee. Sina la kujitetea."

Mzee Sponji akakiweka kiti chini. Akaitazama cherehani, fremu, na makochi mawili yaliyokwisha yakingoja wenyewe.

"Ungekimbia," alisema, "ningepoteza pesa, na wateja hawa wote wasingekuja. Hukukimbia. Nimepoteza pesa tu."

Akanyoosha mkono. Fundi akapangusa gundi vidoleni kwanza, kisha akaupokea.